Hifadhidata Isiyo na Nywila

Kisa hiki ni cha kutunga, lakini hasara yake imewakuta watu halisi katika nchi nyingi.

Mama mmoja alikuwa na duka la pembejeo Handeni mjini. Wakulima wa mahindi walikopa kwake mbegu na mbolea, wakalipa baada ya mavuno. Daftari la madeni lilipochakaa, alimwita kijana fundi ayaingize kwenye kompyuta. Kijana akapakua XAMPP, kifurushi cha bure chenye hifadhidata ya MariaDB, akabofya "endelea" mpaka mwisho. Programu ikafanya kazi. Hakuulizwa nywila, naye hakujiuliza kwa nini.

XAMPP huja na akaunti kuu iitwayo root, yenye mamlaka yote na isiyo na nywila. Watengenezaji wenyewe wanasema kifurushi hicho ni cha kujifunzia na kujaribia kazi. Kinga yake ni moja tu: root hupokelewa kutoka kompyuta hiyohiyo peke yake. Ni nyumba isiyo na kitasa, iliyo salama maadamu geti la ua limefungwa.

Baadaye mama akafungua tawi Korogwe, kilometa 65 kutoka Handeni. Karani wa huko alihitaji kuona madeni yaleyale. Kijana akairuhusu root iingie kutoka kompyuta yoyote, kisha kwenye ruta akafungua mlango namba 3306, unaotumiwa na hifadhidata za aina hiyo. Korogwe wakayaona madeni. Wavamizi nao wakapata njia, kwani wana programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikipima milango kama huo.

Asubuhi moja karani akapiga simu.

"Shikamoo mama. Majina ya wateja hayapo. Kuna ujumbe wa Kiingereza, wanadai bitcoin."

"Marahaba mwanangu. Sasa wadaiwa wetu tutawajuaje?"

Nakala ya akiba haikuwepo.

Januari 2017 wenye hifadhidata za MongoDB walipatwa na hayohayo. Programu hiyo haikudai nywila mpaka mwenyewe aiwekee sharti hilo, na nyingi zilikuwa wazi kwa intaneti nzima. Ndani ya siku chache zaidi ya 27,000 zilivamiwa na data kufutwa. Wapo waliolipa wasirudishiwe kitu. Mwaka huohuo toleo la 3.6 lilitoka likipokea maombi ya kompyuta yake tu, mpaka mwenyewe aamue vinginevyo.

Funzo ni hili: mipangilio ya chaguo-msingi hutegemeana. Ukigeuza mmoja, kagua yote. Kabla ya kuunganisha tawi, ipe root nywila na usiiruhusu kuingia kutoka nje. Mfungulie karani akaunti yenye ruhusa ya kazi yake tu. Mawasiliano yapite kwenye VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa kwa siri ndani ya intaneti, na mlango 3306 ubaki umefungwa kwa intaneti. Weka nakala ya akiba nje ya kompyuta hiyo, na ujaribu kuirejesha kabla ya siku ya msiba.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Jina la mkulima, namba yake ya simu na deni lake ni amana. Fundi anayekabidhiwa amana hiyo asibofye "endelea" kabla ya kusoma anachokikubali.