Daftari la Madeni na Kumbukumbu ya Mashine

Shangazi yangu ana duka Mwankoko, nje kidogo ya mji wa Singida. Watu hukopa sukari na sabuni pale wakisubiri kuuza alizeti, naye huwaandika kwenye kauntabuku. Mtu akilipa, anapiga mstari mmoja juu ya jina. Mmoja tu, jina bado linasomeka. Niliwahi kumuuliza kwa nini asichane ukurasa, yaishe. Akacheka. "Nikichana, mwanangu, halafu nikasahau nikamdai tena, atanionyesha nini?"

Jibu hilo lilinirudia juzi, rafiki yangu anayetengeneza programu aliponieleza kazi yake. Hizi programu za akili mnemba tunazopiga nazo soga, peke yake hazikumbuki ulichosema jana. Nyuma yake kunawekwa ghala la kumbukumbu: linahifadhi maneno yako, na ukirudi linachomoa yanayohusika. Yeye anajenga ghala hilo na kuwauzia wenye programu. Akaringa kwamba la kwake halisahau kitu.

Hivi hiyo ni sifa? Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Na vituko vya mikopo ya simu tunavijua: umekopa elfu hamsini, umechelewa, ujumbe unamfikia mkweo. Kumbukumbu nzuri kabisa ile, haikukosea namba hata moja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa njia ya kudai taarifa zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Sawa. Lakini deni langu la mwaka juzi lilikuwa la kweli. Kinachonisumbua siyo uongo, ni ukweli uliokwisha muda wake kuendelea kutembea kama wa leo. Wala sitaki ufutwe kila mara. Yule mkulima wa Mwankoko anauhitaji mstari ule kama shahidi wake.

Nikamwambia rafiki yangu: ghala lako lijue kupiga mstari na kuweka tarehe, lisipeleke habari za duka hili kwenye duka lingine, na mwenye jina akisema "fungua nione", aonyeshwe. Shangazi huligeuza daftari tu juu ya meza, mteja akasoma mwenyewe.

Akafikiri kidogo. Mstari na tarehe, alisema, ni kazi ya siku mbili. Hilo la kugeuza daftari, wateja wake hawatalipenda. Wateja wake, nikakumbuka, ni wenye maduka.