Sehemu Iliyoitwa Yote

Siku ya harambee ya kanisa, Anania na Safira hawakosi kutajwa. Habari zao zimo katika Matendo ya Mitume, sura ya 5: waliuza kiwanja, wakazuia sehemu ya fedha, wakapeleka iliyobaki kwa mitume, wakaanguka wakafa. Waumini wanaguna, vikapu vya sadaka vinapita. Lakini anayeisoma sura hiyo taratibu ataona kwamba Petro hakumshitaki Anania kwa uchoyo. Alimkumbusha kuwa kiwanja kilikuwa chake, na hata kilipokwisha kuuzwa fedha zilikuwa mikononi mwake. Angeweza kuleta nusu, akasema ni nusu, akarudi nyumbani salama. Kilichomponza ni kuleta sehemu na kuiita yote.

Ugumu wa amri ya kumpenda Mungu kwa moyo wote, ambayo Yesu aliinukuu kutoka Kumbukumbu la Torati akaitaja kuwa ya kwanza, uko hapo. Tumezoea kuipima kwa wingi: mikesha, siku za kufunga, sauti inavyopanda wakati wa sifa. Wingi unahesabika, na hesabu hututuliza. Ila mjane wa Marko 12 alitoa senti mbili tu, akasifiwa kuliko matajiri. Mtasema alitoa vyote alivyokuwa navyo. Sawa, lakini mkoba unaweza kuukung'uta ukaona umekwisha. Nani amewahi kuukung'uta moyo?

Agostino wa Hippo alilikabili swali hili bila kujihurumia. Katika kitabu cha 8 cha Maungamo anasimulia mwaka 386, alipokuwa Milano: alitaka kumfuata Mungu, na hakutaka kuacha maisha aliyoyazoea. Kilichomshangaza ni hiki: akili ikiuamuru mkono uinuke, unainuka mara moja, ikijiamuru yenyewe itake jambo, inagoma. Wafuasi wa Mani, ambao aliwahi kuwa mmoja wao kwa miaka mingi, wangemweleza kwamba ndani yake zinapigana asili mbili, njema na ovu. Maelezo hayo yana faraja yake, maana yule anayekataa anakuwa si mimi. Agostino hakuitaka faraja hiyo. Anayetaka ni mimi, asiyetaka ni mimi vilevile. Mtu ni mmoja, ila nia yake haijawa nzima.

Kama ni hivyo, mtu akisema amempa Mungu moyo wake wote, anayetoa taarifa ni moyo uleule unaochunguzwa. Hakuna pembe ya nje ambapo anaweza kusimama autazame. Ndiyo maana namwona yule baba wa Marko 9, mwenye mtoto mgonjwa, kuwa karibu zaidi na moyo mzima kuliko wengi wetu tunaoimba kwamba tumetoa yote. Alisema anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Alikuja na vyote viwili, hakuna alichokiacha nje ya mlango.

Watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliovuma Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, waliutafuta moyo huo mzima kwa vitendo. Kutembea nuruni kulimaanisha kusema mbele ya ndugu kile ulichokuwa umekificha. Wapo waliowaona wakorofi, na si bila sababu. Aliyeokoka hakuchelewa kumwambia mchungaji wake kwamba yeye mchungaji bado hajaokoka. Isitoshe, ungamo nalo lina ujanja wake. Panapoheshimiwa dhambi iliyotajwa, mtu hujifunza kuleta ndogo na kuikuza, ili ile nyingine isiulizwe.

Lakini ndugu hao hawakuishia kwenye maneno. Aliyeiba alitakiwa kurudisha alichoiba, na waliopokea mali zao si wote waliokuwa Wakristo. Ningependa kuwasikia hao zaidi kuliko walioungama. Mtu aliyerejeshewa mali yake hawezi kujua kilichomo moyoni mwa aliyeileta, wala halazimiki kumwamini. Anachoweza kufanya ni kuhesabu kama imetimia.