Saini ya Mdhamini

Mdhamini wa mkopo wa Sacco nchini Kenya hatoi hata shilingi siku ya kutia saini, ndiyo maana wengi hukubali upesi, hasa wakiombwa na mwenzao wa kazini. Lakini tangu siku hiyo akiba yake huzuiwa kwa kiasi alichodhamini: hawezi kuitoa, wala kujiondoa uanachama, mpaka deni liishe au apatikane mdhamini mwingine. Mkopaji akifukuzwa kazi, makato ya mshahara hukoma, na asipolipa, Sacco hugeukia akiba za wadhamini. Aliyelipa ana haki ya kumdai mkopaji, haki isiyo na faida kubwa, kusema kweli, ikiwa mwenyewe hajulikani aliko. Anayeombwa udhamini na aombe kwanza kuona hati ya mshahara ya mkopaji.