RAMADHANI 19: Mtenda Husahau – Haki za Mwaka wa Korona



Sifa zote njema ni za Allah. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad ﷺ, jamaa zake na swahaba zake.

Leo ni kumi na tisa. Kesho jua likizama tunaingia usiku wa ishirini na moja, kumi la mwisho. Wengi mmeshapanga: nani atakaa itikafu, nani ataleta daku msikitini, nani atachukua likizo kazini. Mipango mizuri, Allah aikubali. Lakini kabla hatujaingia, nipe dakika tano tu. Kuna deni la zamani ambalo huenda umelisahau, na mwenye kukudai hajalisahau.

*Tukumbushane kidogo*

Rudisha akili yako mwaka 2020. Mwezi wa Machi ugonjwa ukaingia Kenya. Shule zikafungwa, madrasa zikafungwa, na kabla mwezi haujaisha misikiti nayo ikafungwa. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, saa moja ya usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Wiki ya pili ya Aprili, Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Na mwishoni mwa Aprili Ramadhani ikatukuta humo humo.

Unakumbuka futari za mwaka ule? Magharibi inaingia saa kumi na mbili na kitu, saa moja hutakiwi kuonekana barabarani. Tende mdomoni, macho kwenye saa. Isha na tarawehe ni nyumbani. Hata Makka, Msikiti Mtukufu uliswaliwa tarawehe rakaa kumi na watu wachache, bila umma wa kawaida.

Mijini walikuwa na taabu yao. Sisi wa miji midogo na vijijini tulikuwa na yetu. Hoteli za ufukweni zilifungwa, vijana wakarudi nyumbani na begi moja bila mshahara. Mvuvi wa kuvua usiku akakaa na nyavu zake barazani, maana usiku ndio kafyu. Matatu zikapunguza abiria na kuongeza nauli, mama wa mboga akawa hawezi kufika sokoni na kurudi na faida.

Na kulikuwa na kheri, tusiifiche. Kuna mwenye duka aliyefungua daftari lake akakopesha mtaa mzima. Kuna mwenye nyumba aliyesema kodi tutaongea baadaye. Kuna vijana waliobeba unga na mafuta usiku usiku, wakaacha mlangoni pa mtu na kuondoka bila kugonga. Kuna baba aliyesimama mbele ya watoto wake kwa mara ya kwanza akaswalisha tarawehe kwa sura fupi fupi alizonazo, na nyumba ikanoga. Allah awalipe wote.

*Lakini kulikuwa na upande wa pili*

Mji mdogo una uzuri wake: kila mtu anamjua kila mtu. Na ubaya wake ni huo huo. Mtu akikohoa asubuhi, adhuhuri ishafika mtaa wa pili kuwa amepimwa, na alasiri kuwa amekufa.

Yule kijana aliyerudi kutoka Mombasa au Nairobi, tulimwitaje? Tulimwita "Korona". Jina lake la hakika watoto wakalisahau. Yule muuguzi wa zahanati aliyekuwa akitutibu, wapo waliomkimbia kwa vile anashika wagonjwa. Ile nyumba iliyofiwa, ikazikwa na watu kumi na watano kwa amri, sawa, hiyo ni amri. Lakini arubaini ilipopita, nani alikwenda kuwapa pole? Wale watoto waliotumwa dukani wakarudishwa na pesa zao mkononi, wewe ulikuwa wapi? Uliona? Ulisema neno?

Simuulizi mtu fulani. Nakuuliza wewe unayesoma, na jibu ni lako na Mola wako.

*Kinga ni kitu kimoja, dharau ni kingine*

Asije mtu akasema shekhe anataka tungeambukizana. Hapana. Dini yetu ilitufundisha karantini kabla ya serikali. Mtume ﷺ alikataza mtu kuingia katika nchi yenye tauni, na akakataza aliye ndani yake kutoka kwa kuikimbia. Iko katika Bukhari na Muslim.

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham alifika mahali panapoitwa Sargh, akaambiwa kuna tauni mbele. Akashauriana na Muhajirina, kisha Answari, kisha wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anakimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Kisha Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja na ile hadithi, na Umar akamshukuru Mola wake. Abu Ubayda mwenyewe alibaki na watu wake Sham na akafariki kwa tauni ile ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria. Mmoja alirudi, mmoja alibaki, na wote wawili wako katika wale kumi waliobashiriwa Pepo.

Sasa angalia vizuri. Katika kisa chote hicho hakuna aliyemtukana mgonjwa. Hakuna aliyemwita mtu kwa jina la maradhi yake. Kujitenga kulikuwa amri. Kumdhalilisha aliyetengwa hakukuamriwa na yeyote.

*Zipime hizi haki tano*

Mtume ﷺ ametufundisha kuwa Muislamu ana haki tano juu ya Muislamu mwenzake: kurudishiwa salamu, kutembelewa anapougua, kusindikizwa jeneza lake, kuitikiwa mwaliko wake, na kuombewa rehema anapopiga chafya akamshukuru Allah.

Zichukue moja moja uziweke mwaka ule. Kumtembelea mgonjwa kulizuiwa. Jeneza likapunguziwa watu. Mialiko ya futari ikasimama. Chafya, wallahi, mtu akipiga chafya mwaka ule hatukumwombea rehema, tulitafuta mlango!

Basi ikabaki moja tu ambayo ugonjwa haukuigusa: salamu. Salamu haihitaji mkono. Unaitoa kwa barakoa, unaitoa ng'ambo ya barabara, unaitoa kwa simu ya bei ndogo kabisa. Haki nne tulikuwa na udhuru nazo. Ile ya tano tuliinyima bure. Mtu alipita siku kumi na nne ndani ya chumba, na majirani ishirini, hakuna aliyesimama dirishani akasema, "Assalaamu alaykum, unaendeleaje? Umekula?"

*"Lakini hayo yamepita"*

Hapa ndipo penye hatari. Wazee wetu wanasema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Kwako yamepita. Kwake yeye, kila akipita penye lile duka anakumbuka.

Na utasema, "Sote tulikuwa na hofu." Kweli. Hofu ina udhuru wake. Ulifunga mlango kwa hofu, Allah anajua. Lakini ile cheko kwenye kijiwe cha bodaboda haikuwa hofu. Ile sauti uliyorekodi ukaisambaza kwenye magrupu ukimtaja mtu kwa jina haikuwa hofu.

Unaijua hadithi ya mtu aliyefilisika. Atakuja siku ya Kiyama na swala zake, saumu zake na zaka zake, kumbe alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya mwingine. Watapewa mema yake mmoja baada ya mwingine. Yakiisha na madeni bado, atabebeshwa makosa yao. Saumu zako kumi na tisa hizi, za nani?

Na Laylatul Qadri yenyewe: Mtume ﷺ alitoka kuwaambia maswahaba usiku wake ni upi, akakuta watu wawili wanagombana, na ujuzi wa usiku ule ukaondolewa. Ugomvi wa watu wawili tu! Sisi tunaingia kumi la mwisho tukiwa na nyumba ngapi hazisemeshani tangu 2020?

*Kazi ya kufanya kabla ya Magharibi ya kesho*

1. *Tafuta jina moja.* Sio kumi. Moja. Mtu unayejua ulimvunjia heshima mwaka ule, au ulimuona anavunjiwa ukanyamaza.

2. *Mwendee, au mpigie.* Ile meseji ya "nisamehe kwa kila nililokukosea" unayotuma kwa watu mia mbili kwa mpigo, hiyo haihesabiki hapa. Imekwenda kwa wote na haikumfikia hata mmoja. Nenda peke yako, litaje kosa kwa jina lake. "Mwaka wa korona nilikuita hivi mbele za watu. Nilikosea. Naomba radhi." Basi. Usianze kujieleza, wala usimlazimishe akusamehe papo hapo.

3. *Kama ulimsengenya na hajui,* na ukiona kumwambia kutazua fitina mpya, wapo wanavyuoni waliosema umwombee msamaha na umtaje kwa wema pale pale ulipomtaja kwa ubaya. Kijiweni uliposema, kijiweni ufute.

4. *Kama ameshafariki,* waone watoto wake. Waambie neno zuri la kweli juu ya mzazi wao, muombee, na mtolee sadaka.

5. *Daftari la duka.* Ulikopeshwa unga na sukari wakati huna kitu. Leo una kazi, una pikipiki, na ukipita pale unageuza uso. Kalipe. Huna? Nenda kaseme huna, umwambie utaanza na kiasi gani. Na wewe mwenye duka, ukimjua mtu hana kabisa, mpe muda au mfutie. Kumpa nafasi aliyebanwa ni ibada inayoshinda rakaa nyingi za mtu mwenye kinyongo.

Na neno kwako wewe uliyetendewa. Najua wengine mnasoma hapa na moyo unauma upya. Haki yako iko kwa Allah, haipotei. Lakini mtu akikubishia hodi kesho, akiwa ameinamisha kichwa, mfungulie. Amevuka mtaa mzima kuja kwako, na pengine huo ndio mwendo mzito kuliko yote aliyowahi kwenda. Ukisamehe, wewe ndiye utakayeingia kumi la mwisho ukiwa mwepesi.

*Dua ya leo*

Ya Allah, tusamehe tuliyowafanyia waja Wako tulipoogopa, na tuliyowafanyia bila hata kuogopa. Waridhishe nasi tuliowadhulumu. Warehemu waliofariki mwaka ule wakazikwa na watu wachache, uwajaalie malaika Wako wawe ndio wasindikizaji wao. Wape shifaa wagonjwa wetu, wafungulie riziki waliopoteza kazi zao tangu wakati ule, na utufikishe Laylatul Qadri hali nyoyo zetu hazina kinyongo. Aamin.

*Swali la kujiuliza:* Ni nani katika mtaa wako ambaye bado anakupita bila salamu, na unajua sababu?

Kesho in shaa Allah: adabu za itikafu. Wanaotaka kukaa itikafu waandikishe majina kwa imamu baada ya Alasiri.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.