Mwenye Jina na Mwenye Tendo

Ukisimama usiku mahali palipo wazi nje ya Eldoret, mbali na taa za mji, utaona jambo ambalo mwanafunzi wa Ulaya hawezi kuliona kwao. Kila nyota huchomoza upande wa mashariki, hupanda, kisha hushuka na kuzama upande wa magharibi. Karibu hapana hata moja izungukayo usiku kucha bila ya kutua, kama zifanyavyo nyota nyingi katika nchi za kaskazini. Sababu yake waijua: mstari wa Ikweta unapita kusini ya mji wetu, wala si mbali.

Yuko Myunani mmoja aliyeieleza habari hii zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Jina lake ni Theodosius, naye alitoka Bithynia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Aliandika kijitabu juu ya mahali wanapokaa watu duniani na mbingu waionayo kila mahali, na humo akasema ya kuwa akaaye chini ya mstari wa katikati ya dunia huziona nyota zote zikichomoza na kutua, na kwamba kila moja hukaa nusu ya muda wake juu ya upeo na nusu chini yake. Hatuna habari kwamba aliwahi kufika huku. Aliifikiria dunia kama tufe ndani ya tufe kubwa la mbingu, akafuata hoja hatua kwa hatua mpaka zikamfikisha juu ya vichwa vyetu. Kitabu chake kikubwa zaidi, juu ya tufe lenyewe, kilifasiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9, na kwa karne nyingi kilikuwa miongoni mwa vitabu alivyopaswa mwanafunzi wa falaki kuvisoma kabla ya kuingia katika vitabu vizito zaidi.

Sasa, msomaji, fungua kitabu chochote kikubwa cha historia ulitafute jina hilo. Utakutana kwanza na makaisari. Theodosius wa kwanza alitawala dola ya Rumi tangu mwaka 379 hata 395. Katika mwaka 390 askari wake waliua maelfu ya watu katika mji wa Thessaloniki, na Ambrose, askofu wa Milan, akamkatalia meza ya Bwana mpaka atubu. Theodosius wa pili, mjukuu wake, alikufa mwaka 450, na jina lake limebaki katika mkusanyo wa sheria uliotolewa mwaka 438. Theodosius wa tatu alitawala Constantinople tangu 715 hata 717. Mjuzi wa nyota, aliyewatangulia wote, utamkuta nyuma yao kwa mistari michache, kama mgeni aliyekaribishwa ukumbini kwa sababu tu jina lake limefanana na la mwenye nyumba.

Tena hata hiyo mistari michache haikuwa salama. Katika karne ya 10 ilitungwa huko Byzantium kamusi kubwa iitwayo Suda. Watungaji wake waliwakuta watu kadha wenye jina la Theodosius, wakawachanganya. Vitabu vya mjuzi wa tufe waliviweka katika orodha moja na maelezo juu ya kazi ya mtu aliyeishi karne mbili au zaidi baada yake. Na karibu ya hapo wakamtaja Theodosius mwingine, mtunga mashairi, aliyetoka Tripolis. Basi wasomaji waliofuata wakamnyang'anya Mbithynia kwao, wakampa Tripolis. Kosa hilo lilinakiliwa na kupigwa chapa tena na tena, hata katika mwaka 1927 kitabu chake kilipotolewa Berlin kwa Kiyunani, juu ya jalada aliandikwa kuwa mtu wa Tripolis. Katika miaka karibu elfu moja, wengi walijua hoja zake zote bila ya kumjua yeye.

Mwanafalaki mwingine alikosewa kwa namna ya kinyume, yaani kwa kupewa kikubwa kuliko haki yake. Claudius Ptolemy alifanya kazi Alexandria katika karne ya 2 baada ya Kristo. Ndiye aliyeitaja Rhapta, mji wa biashara katika pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki, akaandika pia habari za Milima ya Mwezi ambako mto Nili hupata maji yake. Lakini wafalme wa Misri wa kabla yake nao waliitwa Ptolemy, na ukoo wao ulikwisha kutawala mwaka 30 kabla ya Kristo. Wasomi wa Ulaya wa zama za kati wakawafanya kuwa ukoo mmoja. Raphael, mchoraji wa Italia, alipochora ukutani huko Rumi picha ya wenye hekima wa kale, kati ya 1509 na 1511, alimchora Ptolemy ameshika tufe la dunia, na kichwani amevaa taji. Mtu aliyetumia maisha yake kupima pembe na kuandika hesabu alivikwa utawala asiokuwa nao. Waweza kusema, Je, amedhulumiwa nini, naye ameongezewa heshima? Mimi nasema amedhulumiwa. Atazamaye taji hudhani kwamba elimu ile ilikuwa pambo la mfalme, wala hafikirii usiku ule mwingi wa kukesha.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wayunani tu. Hapa kwetu Eldoret uko uwanja wa michezo uitwao kwa jina la Kipchoge Keino, aliyeshinda mbio za mita 1500 huko Mexico mwaka 1968, na mbio za kuruka viunzi na maji huko Munich mwaka 1972. Eliud Kipchoge, aliyezaliwa mwaka 1984, alishinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, Rio mwaka 2016 na tena Japani mwaka 2021. Mgeni akisikia majina hayo huuliza mara moja kama huyu ni mwana wa yule. Siye. Kipchoge ni jina la mtoto aliyezaliwa karibu na ghala ya nafaka, na maghala katika nchi ya Wanandi ni mengi. Swali la mgeni si la ubaya. Lakini ndani yake limefichwa jambo baya kidogo, kwamba ushindi wa wa pili ulikwisha kuwekwa katika jina kabla ya yeye kuamka alfajiri kukimbia.

Najua utanijibu kuwa majina ya aina hii hayakutungwa ili kutenganisha watu. Kiprop ni wa mvua, Kipkoech ni wa mapambazuko, Kipkemboi ni wa usiku. Wanaozaliwa mvua inaponyesha ni wengi, na wala hakuna aliyetazamia kuwa mmoja tu. Tena liko jina jingine, lenye uzito zaidi. Kwa desturi ya Wanandi, mtoto akiisha kuzaliwa, majina ya wazee waliokufa hutajwa mmoja mmoja. Na likitajwa jina naye akapiga chafya, husemwa kwamba mzee huyo amerudi kwa mtoto. Hapo kushiriki jina si ajali, bali ni agano. Naiheshimu desturi hiyo, na nadhani ina hekima kuliko kamusi ya Suda. Maana inajua ya kuwa kuna wawili, mmoja aliyekwenda na mmoja aliyekuja, nayo inawafunga pamoja kwa makusudi. Hata hivyo haimpi mtoto ng'ombe aliowateka babu, wala haimwiti barazani kujibu kwa damu aliyoimwaga babu. Akikua atapata jina la arap kwa baba yake, ili ijulikane ni yupi. Na watu wa pwani hali kadhalika: Zanzibar ilikuwa na masultani wawili walioitwa Khalifa, lakini hapana mzee wa Unguja aliyemchanganya Khalifa bin Said, aliyekufa mwaka 1890, na Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hata 1960. Neno dogo hilo, bin, limefanya kazi ambayo maprofesa wa Suda walishindwa.

Nirudi kwa Theodosius wa tatu, maana habari yake hunisikitisha kuliko zote. Mtu huyu hakuwa mwana wa kaisari. Alikuwa mtoza kodi katika mji wa Adramyttium. Mwaka 715 askari walioasi walifika huko, wakamtaka awe kaisari. Akakimbia mlimani kujificha. Wakamtafuta, wakamshika, wakamtawaza kwa nguvu. Kwa nini yeye? Pengine kwa sababu alikuwa karibu. Na pengine, hii ni dhana yangu, kwa sababu jina lake lilikwisha kuwa jina la kikaisari, likasikika vizuri midomoni mwa askari. Miaka miwili baadaye alimwachia Leo wa tatu kiti, akaingia katika kazi ya kanisa. Hata huko jina halikumwacha: baadaye alikuwako askofu wa Ephesus aliyeitwa Theodosius, na wataalamu wangali wakibishana kama ni yeye au ni mwingine.

Wako wasemao kwamba maiti hadhulumiwi. Mjuzi wa tufe hana habari kama anaitwa wa Bithynia au wa Tripolis, basi tuyaache. Hoja hiyo ina nguvu, nami sina namna ya kuthibitisha kwamba mfu huumia. Lakini hebu mtazame anayekosea badala ya kumtazama aliyekosewa. Aliyezoea kuridhika na jina anapowasoma wafu hataacha mazoea hayo mlangoni atakapotoka kukutana na walio hai. Hili nalijua kwa sababu nimelifanya.

Zamani nilifundisha katika shule moja, si mbali na mji huu. Katika darasa langu walikuwamo wavulana wawili wenye jina moja la mvua, na hata majina yao ya ubatizo yalilingana. Siku moja niliarifiwa kwa kikaratasi kwamba mmoja wao alikuwa ametoroka usiku kwenda mjini. Kikaratasi kilikuwa na jina tu. Nikamwita wa kwanza niliyemwona, nikampa adhabu ya siku tatu ya kulima shamba la shule badala ya masomo. Hakusema neno. Siku ya nne yule mwingine alikuja mwenyewe, akakiri huku akilia.

Nilimwomba radhi mvulana wa kwanza mbele ya darasa, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya darasa. Kisha nilimwuliza faraghani kwa nini hakujitetea. Akasema, "Mwalimu, ulilitaja jina langu. Nilidhani labda liko kosa langu unalolijua wewe, nami nimelisahau."

Nikamwambia kwamba tangu siku ile nitaandika katika daftari jina la baba wa kila mmoja. Akashukuru. Alipofika mlangoni aligeuka akaniuliza kama, lau yule mwenzake angeshinda zawadi ya hesabu mwaka ule, zawadi nayo ingaliweza kuja kwake yeye. Nikajibu kwamba hapana, zawadi tungaliichunguza kwanza. Aliniamkia kwa adabu, akaenda zake darasani.