Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Babu Mwenye Macho Mekundu



Ndugu zangu wa Shinyanga, Kahama, Geita na popote mlipo, poleni na swaumu. Leo tuwazungumzie wazee wetu.

Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa nchi yetu, alizaliwa Mei 8, 1925 na akafariki Februari 29, 2024. Miaka 98. Ukihesabu kwa mwezi mwandamo, amevuka miaka 101. Yaani Ramadhani 101 zilimkuta hai, na ya 102 aliikosa kwa muda usiofika wiki mbili. Ualimu aliufanya, uwaziri aliufanya, urais aliufanya, na mwisho akawa babu wa taifa zima.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba mbora wa watu ni yule aliyepewa umri mrefu na amali zake zikawa njema. Angalia, umri mrefu peke yake hautoshi. Kinachoulizwa ni umeujaza nini.

Sasa katika umri ule mrefu kuna kipande kinachotuhusu sisi wa kanda hii moja kwa moja. Vijana wengi hawakijui.

Miaka ya sabini vikongwe walikuwa wanauawa huku kwetu, mikoa ya Shinyanga na Mwanza, kwa kudhaniwa wachawi. Geita wakati huo ilikuwa ndani ya Mwanza. Serikali ikaendesha msako wa wauaji. Katika msako huo baadhi ya waliokamatwa waliteswa, na wengine wakafia mahabusu. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu, wala hakuwepo. Angeweza kusema, "Mimi nilikuwa Dar es Salaam, waulizeni waliokuwa huko." Lakini mwanzoni mwa 1977 alijiuzulu, akaibeba dhamana ya yaliyofanywa na walio chini yake. Wengi wakadhani safari yake imeishia hapo. Allah akamnyanyua tena: akawa balozi Misri, na mwaka 1985 akawa Rais.

Nimelitafakari sana jambo hili, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kusema "sikuwepo".

Babu yangu mzaa baba aliishi miaka mingi. Hakuna aliyejua ni mingapi, ila alikuwa akikumbuka njaa na mvua ambazo wazee wenzake walishazisahau. Yeye ndiye aliyenifundisha alifu na bee, kwa kuchora mchangani na kijiti. Uzeeni macho yake yakawa mekundu. Sote tunajua sababu: nyumba ya jiko la kuni, na kuni zikiisha kinyesi cha ng'ombe kikavu, moshi miaka yote. Macho gani yangebaki meupe?

Nikiwa chuo cha ualimu, ndugu yetu mmoja alirudi kutoka machimboni Geita. Duara lake lilikuwa halitoi kitu, mkopo wa watu unamdai, mtoto wake anaumwa. Badala ya hospitali na subira akaenda kupiga ramli. Mpiga ramli akamwambia, anayekufunga ni mzee wa kwenu, ana macho mekundu.

Habari zikanifikia chuoni. Nikaona ni mambo ya nyumbani, yatapita, mimi nina mitihani. Nikanyamaza. Babu alilala nyumba za majirani wiki nzima, kila usiku na mkeka wake kwapani, mtu aliyeijenga nyumba yake kwa mikono yake. Alhamdulillah, hakuguswa. Aliishi miaka kadhaa baadaye na akafa kitandani kwake. Lakini niliporudi likizo aliniambia neno moja tu: "Mjukuu wangu, ninyi mmenijua tangu mko mgongoni. Yule wa ramli amenijua lini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Panga sikulishika, lakini ulimi wangu ulikuwa mzima na sikuutumia.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akaitikia "aamin" mara tatu. Jibril (a.s.) alikuwa akiomba dua dhidi ya watu wa aina tatu, na wawili kati yao tuwaangalie leo. Mmoja ni aliyeikuta Ramadhani ikamwishia bila kusamehewa. Mwingine ni aliyewakuta wazazi wake katika uzee, wote au mmoja wao, na asiingie Peponi kwa sababu yao. Unaona zilivyowekwa pamoja? Mwezi huu na mzee wako ni milango miwili ya rehema, na yote inafungwa. Ramadhani ikipita huenda ikarudi. Mzee akipita, basi.

Usiseme huyu ni babu, si mzazi. Nabii Yusuf (a.s.) alipowataja baba zake aliwataja Ibrahim na Is-haqa pamoja na Yaaqub, na Is-haqa ni babu yake. Na Mtume wetu mwenyewe, yatima, alilelewa na babu yake Abdul-Muttalib mpaka alipofika miaka minane.

Kisha wewe unayekwenda kwa mpiga ramli "kuulizia tu": tumefundishwa kwamba anayemwendea na kumuuliza hakubaliwi swala yake siku arobaini. Hesabu mwenyewe. Ramadhani nzima haifiki siku arobaini! Unafunga, unasimama tarawehe, halafu unaiuza yote kwa mtu anayekuuzia jina la bibi yako.

Kwa hiyo leo nakuomba mambo matatu.

La kwanza: kabla ya futari mpigie mzee wako. Kama hana simu, mpigie jirani ampelekee. Wewe uliyeko Nyarugusu au Rwamgasa, usisubiri duara litoe ndipo umkumbuke. Sauti yako haihitaji dhahabu.

La pili: mtazame jikoni kwake. Kama bado anapulizia moshi, sadaka yako ya mwezi huu ianzie hapo. Jiko sanifu, gunia la mkaa, hata bomba la kutolea moshi.

La tatu: ukisikia mzee anatajwa vibaya, mtetee hapohapo. Katika Suratul Hujuraat Allah ametuonya kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Dhana ya huku kwetu inamwaga damu. Mwambie balozi, mwenyekiti wa kijiji, imamu, polisi. Usiseme "sikuwepo" wakati habari imekufikia.

Ewe Mola wetu, warehemu wazee wetu walio hai na waliotangulia. Mrehemu Mzee Mwinyi, mrehemu babu yangu, na unisamehe mimi niliyenyamaza. Utupe umri mrefu wenye amali njema, na uwape wazee wetu usingizi wa amani ndani ya nyumba zao. Aamin.

Mtumie mwenzako aliyeko machimboni. Tukutane kesho baada ya Alfajiri, in shaa Allah.