Nywele za Kuunga na Gunia la Mahindi

Suala tunalolijibu leo halikuletwa na mwanafunzi wa darasa letu hapa Moi's Bridge. Lililetwa na mama mmoja, baada ya sala ya Magharibi, naye alisimama mlangoni wala hakutaka kuketi. Binti yake aliugua homa kali. Alipopona nywele zake zilipukutika, utosi ukabaki wazi. Sasa ameposwa, na Jumamosi shangazi wa kijana atakuja kumtazama kwa niaba yake. Msusi wa sokoni amekubali kumbana kishungi cha nywele za bandia, na kwa muda wa dakika ishirini binti atakuwa na kichwa kama cha mabibi katika picha za zamani. Je, yafaa?

Nilijibu upesi. Nilimwambia kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuunga nywele na mwenye kutaka kuungwa, kisha nikarudi kwenye kitabu changu. Mama akaondoka. Nilichosema ni kweli, lakini nilikisema kama mtu afungaye mlango, na usiku ule sikuona raha. Bibi Asmaa binti Abubakar amepokea khabari ya mama aliyemwendea Mtume kwa jambo hili hili, la bibi harusi aliyeugua nywele zikamtoka, naye alikatazwa. Hukumu naijua. Sababu yake je, niliitazama?

Asubuhi nilimtuma mke wangu kwa msusi aulize kazi hii yafanywaje. Mtindo wenyewe una umbo la mzinga wa nyuki, na aliyeubuni ni msusi wa Chicago, Margaret Vinecki Heldt, mwaka 1960. Siku zile nywele zilichambuliwa kinyumenyume mpaka zikasimama, kisha zikapuliziwa dawa zisianguke. Siku hizi kishungi huletwa kimekwisha umbwa. Nywele za mwenyewe huvutwa nyuma, kishungi huwekwa utosini, hubanwa kwa vibanio, kisha nywele za mbele hulazwa juu ya kiungo kisionekane. Hapo penye kuficha kiungo ndipo penye suala letu.

Wako waliozipiga vita nywele hizi kwa sababu nyingine. Vijana wa TANU walipitisha azimio Oktoba 1968, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 wakapiga marufuku Dar es Salaam mawigi, sketi fupi na dawa za kujichubua, wakisema si utamaduni wa Mwafrika. Wasichana walishambuliwa njiani. Sisi hatuwezi kushika mizani hiyo, kwani jambo haliwi haramu kwa kuwa limetoka ng'ambo, wala mwanamke hasahihishwi kwa mawe.

Wanavyuoni wametazama mengine. Imamu Malik na wengi pamoja naye wamekataza kuunga kwa kitu chochote, kiwe nywele, sufi au kitambaa. Layth bin Saad alisema katazo ni la nywele tu. Said bin Jubayr hakuona ubaya katika nyuzi za hariri au sufi zifungwazo kichwani. Wanavyuoni wa Shafii wamekataza kabisa nywele za binadamu kwa heshima ya mwili wake. Na nyingine zilizo safi wameziruhusu, kwa kauli yenye nguvu, kwa mwenye mume akimpa idhini. Heshima hiyo si neno tupu. Nywele nyingi za binadamu ziuzwazo duniani hutoka India, baadhi yake katika hekalu la Tirumala, ambako mahujaji hunyolewa kwa nadhiri na nywele zao zikapigwa mnada. Anayenyolewa halipwi kitu.

Muawiya naye alisimama juu ya mimbari ya Madina, kishungi mkononi, akawauliza watu wako wapi wanavyuoni wao. Na katika mapokezi mengine jambo hili limeitwa uwongo. Neno hilo ndilo lililonifungua macho. Majaji wa Kenya walivaa mawigi ya singa za farasi mpaka Jaji Mkuu Willy Mutunga alipoyaondoa mwaka 2011, na hakuna mshitakiwa hata mmoja aliyedhani kuwa zile ni nywele za jaji. Bibi harusi wa Lamu akitiwa asumini kichwani, nani atadanganyika kuwa ameota maua?

Sisi watu wa Moi's Bridge twalijua jambo hili kuliko wengi. Mji huu waishi kwa mahindi. Bodi ya Nafaka hupokea yasiyozidi unyevu wa asilimia 13.5, nasi twawajua wajazao makavu juu na mabichi chini. Mtume alitia mkono wake katika fungu la chakula sokoni, akakuta maji ndani yake, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuyaweka juu watu wakayaona. Shangazi yule ni mkono wa mnunuzi. Samahani kwa mfano huu. Binti si mahindi. Lakini ahadi ya ndoa ni nzito kuliko gunia.

Na tusiwatupie wanawake peke yao. Nawajua wazee wa mji huu watiao ndevu rangi nyeusi tititi wanapokwenda kuposa wasichana, nao ndio wenye sauti kubwa kuhusu mawigi. Na ni nani aliyemfundisha binti kwamba asipokuwa na nywele za singa hataolewa?

Basi nilimwendea mama yule nyumbani kwake. Nilimwambia asimbane binti kishungi siku ya kutazamwa. Amweleze shangazi ugonjwa ulivyokuwa, amwonyeshe kichwa, kisha akitaka amfunge nyuzi za hariri za rangi zinazoonekana kuwa ni nyuzi. Kishungi cha plastiki baada ya nikahi, mume akijua na kuridhia, sitamlaani kwacho. Wala sitamwambia kuwa hakina shaka, kwani katika khabari ya Bibi Asmaa mume naye alikuwa akihimiza.

Shangazi alikuja Jumamosi, akaonyeshwa. Alikunywa chai, akamshika binti kichwani kwa upole, akaenda zake. Mpaka tunapoandika haya, jawabu la upande wa kijana halijafika.